Watu Arobaini na Mmoja Sandukuni

Mume wa karani alirudi kutoka kliniki anacheka, na mtu mwenye ngiri inayoshuka mpaka kwenye paja hacheki bure. Alikaa upande upande kwenye kiti, mkono wa kulia chini ya mkanda, mahali ambapo umekuwa ukiishi kwa miezi minane sasa.

"Alhamisi," alisema. "Naingia asubuhi, natoka jioni. Wiki mbili, niko juu ya ukuta na mwiko wangu."

"Tumbo lipasuliwe asubuhi, jioni uje hapa kudai chai?" Mama mkwe alikuwa anachambua mboga mlangoni, na hakuinua uso. "Huo ni upasuaji au ni kukata kucha?"

"Mambo ya siku hizi, mama. Hawashoni tena. Wanatia wavu."

"Wavu! Kwani wewe samaki?"

Mwashi alicheka mpaka ngiri ikamkumbusha kwamba ipo. Alikunja uso, akaisukuma ndani kwa kiganja, akangoja, kisha akaendelea kana kwamba hakuna aliyeona.

"Nimeonyeshwa kwa macho yangu. Karatasi iko ukutani kwa daktari, ina nguzo mbili, moja fupi moja ndefu. Ile fupi ni njia ya zamani, watu tisini kwa mia wanapona vizuri. Ndefu ni ya wavu. Tisini na sita! Mimi shule niliiacha njiani, lakini tisini na sita naijua. Mtoto akileta tisini na sita nyumbani, hata jirani anaambiwa." Akamgeukia mkewe. "Mbona kimya? Wewe si ndiye wa huko? Hebu mwambie mama."

Karani alikuwa hajavua hata viatu vya kazini.

"Ndiyo," alisema. "Tisini na sita."

Ile nguzo ndefu aliijua kuliko mtu yeyote, maana aliijenga yeye.

Na si kwamba mumewe alikuwa mpenda mambo mapya. Huyu ni mtu aliyegombana na muuza duka kwa sababu pakiti ya chumvi imebadilishwa rangi. Lakini mnyapara wa pale kwenye ghorofa wanayojenga alikuwa amemwambia mbele ya wenzake, kwa sauti ya kumsaidia: "Nafasi yako nakushikia wiki tatu, fundi. Ya nne naita mwingine. Ukuta haungoji tumbo la mtu." Ukishonwa kwa njia ya zamani unalala wodini siku tatu, na wiki sita huruhusiwi kuinua hata ndoo. Wiki mbili dhidi ya wiki sita. Tisini na sita dhidi ya tisini. Nani angefikiri mara mbili?

Mama mkwe alitupa kikonyo cha mboga nje. "Haya," alisema. "Ukivuliwa, utuletee wavu tuuone."

*

Hospitali ina watu wanaojua moyo, ina wanaojua figo, ina anayejua jicho la kushoto tu. Na ina mtu mmoja anayejua nani alikuja na nani hakuja, na huyo analipwa kidogo kuliko wote, ukiacha wafagiaji. Chumba cha mafaili kilikuwa nyuma ya dirisha la dawa, rafu za chuma mpaka darini, feni ambayo haijazunguka tangu waziri wa tatu aliyepita. Karani alikuwa na miaka kumi na mmoja humo. Wenzake walimwita Mama Faili. Madaktari hawakumwita kitu. Walisema tu "faili", akatokea.

Miezi miwili nyuma, daktari mkuu wa upasuaji, ambaye wafanyakazi walimwita Mkasi akishatoka, alikuwa ameingia mwenyewe humo chumbani. Jambo hilo peke yake lilikuwa habari.

"Nitolee hesabu ya ngiri," alisema. "Mwaka mzima. Waliotiwa wavu, na walioshonwa. Nani alipona vizuri, nani alipata shida, wakionekana tena baada ya wiki sita."

Karani alihesabu siku nne. Waliotiwa wavu walikuwa mia moja na kumi na wanane. Alipofika kwenye ukurasa wa wiki sita, mafaili arobaini na moja yalikuwa matupu, meupe. Akayapakata, akapanda nayo ngazi.

"Hawa niwaweke wapi?"

"Walirudi?"

"Hawakurudi."

"Basi tuna habari gani nao? Hatuna." Mkasi alisema kwa upole, hakuwa mtu wa kufoka. "Mtu usiye na habari zake utamhesabuje? Waweke pembeni. Tuhesabu tunaowajua."

Waliobaki walikuwa sabini na saba. Wazima sabini na wanne, wenye shida watatu. Tisini na sita kwa mia. Karani aliyafunga yale arobaini na moja kwa kamba, akayatia kwenye sanduku la karatasi za kuchapia, akaandika juu yake kwa kalamu nene HAWAKURUDI, akalisukuma chini ya meza. Hata yeye aliona ni haki. Hilo ndilo lililomchoma sasa, asubuhi ya Jumatatu, akiwa amelivuta sanduku katikati ya miguu yake. Angeona jambo ni la kihuni angekuwa na wa kumlaumu.

Sista wa kliniki alipokuja kuchukua mafaili ya siku, karani alimuuliza kama mtu anayeuliza hali ya hewa.

"Sista, hivi wale walioshonwa, mbona wote walirudi? Sitini, na wamekosekana wawili tu."

"Wangeachaje?" Sista alikuwa mtu mzima, amebakiza mwaka astaafu, na hakuogopa mtu. "Nyuzi ziko mwilini. Siku ya kumi lazima zitolewe. Wangekwenda kutolewa na nani, fundi cherehani? Na akija kutolewa nyuzi, hapohapo nampa tarehe nyingine, namtolea macho, anaiogopa. Hawa wa wavu uzi wao unayeyuka wenyewe. Anakwenda zake. Akirudi, karudi kwa mapenzi yake."

"Au kwa kuwa anaumwa."

"Au anaumwa sana hata kuja hawezi," alisema Sista, na akaondoka na mafaili yake kifuani.

Karani alibaki ameshika pembe ya sanduku. Kwa hiyo huku kwa walioshonwa watu walifungwa kwa uzi, wapende wasipende, na maumivu yao yote yakaandikwa. Kule kwa wavu mlango ulikuwa wazi, na aliyetoka na maumivu yake hakuandikwa popote. Halafu wakasimamishwa wote wawili mbele ya ukuta, wakapimwa urefu. Na nguzo ndefu ikamfanya mumewe acheke.

*

Alianza kupiga simu saa ya chakula, akitumia simu yake mwenyewe na salio lake mwenyewe, mlango umefungwa na kiti kimeegemezwa. Namba zilikuwa kwenye jalada la kila faili.

Wa kwanza alipokea kwa kelele za nyundo. "Hospitali? Kwani kuna pesa sijalipa?"

"Hapana, kaka. Nauliza tu kama ulipona."

"Nilipona zamani! Niko juu ya paa hapa nagonga mabati. Nirudi huko kufanya nini, niwaonyeshe kovu?"

Karani alitia alama ya vyema kwenye daftari. Wa pili naye mzima. Wa tatu mzima, tena akashukuru kukumbukwa. Wa nne alikuwa amesahau kama aliwahi kupasuliwa. Karani alianza kujicheka. Kumbe wote wako juu ya mapaa! Kumbe ametumia salio la wiki kuwasumbua watu wazima kazini kwao. Angeweza kuishia hapo, na kusema kweli alitamani kuishia hapo.

Wa tano alikuwa mchomeleaji. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelala mchana.

"Unaniuliza kwa nini sikurudi? Dada, nilirudi. Siku ya nane, kidonda kinatoa usaha, nina homa, mke wangu amenishika huku na huku. Ilikuwa Ijumaa. Mlinzi pale getini akasema kliniki ya ngiri ni Jumanne. Nikamwambia usaha haujui Jumanne. Akaniambia nisimtukane."

"Ukafanyaje?"

"Nikaenda kwingine. Wakautoa wavu wenu. Wamenikata mara mbili. Mashine yangu ya kuchomelea imeuzwa." Kisha, bila hasira, kama anayejaza fomu: "Ninyi huko mmeniandika nini?"

Karani alitazama sanduku. Hakuweza kulisoma lile neno kwa mdomo wake.

Siku tatu, saa ya chakula tatu, alipiga arobaini na moja zote. Kumi na mbili hazikupatikana, zinaita hewani tu, au amepokea mtu mwingine aliyeuziwa laini. Ishirini na tisa alizipata. Kumi na wanane walikuwa wazima kabisa. Kumi walikuwa na shida: usaha, uvimbe umerudi, maumivu ya kushindwa kuvaa suruali. Na simu ya ishirini na tisa ilipokelewa na mwanamke aliyesikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwenyewe tulimzika mwezi wa pili. Alianza tumbo siku ya sita. Tulidhani ndivyo inavyokuwa, maana mlituambia itauma kidogo."

Karani alisema pole. Mwanamke alisema asante. Hakuna kati yao aliyejua nani anatakiwa kukata simu kwanza.

*

Mkasi alikuwa ananawa mikono, na alinawa mpaka mwisho kabla ya kugeuka. Karani alikuwa ameshasema yote akiitazama shingo yake.

"Nani alikupa ruhusa ya kuwapigia wagonjwa?"

"Hakuna, daktari."

"Unajua hizo ni siri za watu?"

"Nimewauliza siri zao wenyewe."

Mkasi alikausha kidole kimoja kimoja. Akaketi, akavuta daftari, akatoa kikokotoo kwenye droo. Kwa dakika kadhaa hakukuwa na sauti ila ya vitufe. Karani alisimama. Viti vilikuwepo viwili, lakini hakuambiwa akae, na miaka kumi na mmoja ilikuwa imeyafundisha magoti yake kungoja.

"Hii ni hesabu ya simu," alisema hatimaye. "Mtu kwenye simu anasema lolote. Mimi sijamwona, sijamgusa."

"Ndiyo."

"Na hao kumi na wawili hukuwapata. Kwa hiyo bado una shimo."

"Ninalo. Shimo la watu kumi na wawili. La kwenu lilikuwa la arobaini na mmoja."

"La kwetu," alisema Mkasi. "Wewe ndiye uliyehesabu."

Lilimwingia. Lakini alikuwa ameyakariri aliyokuja kusema, akiyarudia kwenye ngazi kama mtoto aliyetumwa dukani, na hakutaka yamdondoke.

"Tunaowajua sasa ni mia moja na sita. Wazima tisini na wawili. Hiyo ni themanini na saba kwa mia. Haya, hao kumi na wawili tuseme wote wamepona, tumekuwa wakarimu: inafika themanini na nane. Tuseme wote wameumia: sabini na nane. Ukweli uko humo ndani, daktari, sijui ni wapi. Ila tisini na sita haimo."

Mkasi alirudisha kikokotoo kwenye droo.

"Na sisemi wavu ni mbaya," aliongeza karani, maana aliona kama anamwonea. "Labda si wavu. Labda ni kuwarudisha nyumbani siku ileile. Labda ni mlinzi wa getini. Mimi sijui. Nasema tu si bora kuliko ya zamani kama tulivyoandika pale ukutani. Na watu wanatia sahihi kwa sababu ya ile namba."

Daktari alivua miwani. Bila miwani alionekana kama mtu wa kawaida aliyechoka. "Chuoni nilifundishwa kukata miaka na miaka," alisema. "Hesabu za utafiti walitupa wiki mbili. Tena kipindi cha baada ya chakula cha mchana." Alikaribia kucheka. "Darasa zima lilikuwa limelala. Kama namba mpya ni kubwa kuliko ya zamani, tunakubali. Hakuna aliyetuambia tuulize ni nani ametoka mlangoni."

Kwa kitambo kidogo karani alidhani mambo yamekwisha vizuri.

"Lakini ripoti imeshakwenda," alisema Mkasi, na miwani ikarudi usoni. "Kampuni inayotuletea nyavu imekubali kutujengea chumba kipya cha upasuaji. Unajua watapona watu wangapi humo?"

Jibu zuri la swali hilo lilimjia karani akiwa ameshafika ngazini, kama kawaida ya majibu mazuri.

"Mumeo ni wa Alhamisi. Nimeona jina lake kwenye orodha." Sauti ya daktari ilikuwa imerudi kwenye upole wake. "Nitampasua mimi mwenyewe, kwa njia ya zamani. Atalala wodini siku tatu, nitamwangalia kila asubuhi. Awe wa kwanza. Hayo mengine tutayatazama taratibu, kwa utaratibu wake. Daftari niachie."

Karani aliliacha. Huko nje, akishika chuma cha ngazi, ndipo alipotambua kwamba amesema asante.

*

"Mwambie asante sana," alisema mama mkwe jioni ile, baada ya kusimuliwa. "Mtu mkubwa kama yule akushike mkono! Wangapi wanaupata?"

Mwashi alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyogeuzwa, maana kiti kilikuwa kinambana. Kicheko cha siku ile kilikuwa kimekwisha kabisa.

"Wiki sita," alisema. "Mnyapara atakuwa ameshaita mtu."

"Bora kazi ipotee," alisema mkewe.

"Bora kwa nani? Wewe unazungumza kama kazi ni mwavuli, ukiuacha hapa unaukuta kule." Alitazama mikono yake. "Hebu niambie kitu kimoja, Mama Faili. Kwenye hizo namba zako, mimi niko wapi? Kwenye themanini na saba, au kwenye kumi na tatu?"

"Hakuna anayejua."

"Basi zina faida gani?"

"Si kwa ajili ya kujua utakuwa wapi. Ni kwa ajili ya kuchagua ukiwa macho."

"Macho!" Alitema mate pembeni. "Nilikuwa nimelala usingizi mzuri mpaka ulipokuja."

Mama mkwe aliweka sahani chini kwa kishindo. "Sikilizeni ninyi wawili. Mmepewa njia. Shukuruni, fungeni mdomo. Wewe mwanamke, mshahara wako ndio sufuria ya nyumba hii. Ukifukuzwa tutapika nini, hizo asilimia?"

"Na hao wengine wa Alhamisi?" aliuliza karani. "Wako sita. Wote wa wavu."

Mumewe aliwajua. Alikuwa amekaa nao benchi moja saa tano nzima. Mmoja wao, dereva wa lori, alimgawia nusu ya gazeti lake na wakabishana kuhusu mpira mpaka Sista akawanyamazisha.

"Tunyamaze," alisema mwisho, bila kumtazama mtu. "Mara hii moja tu, tunyamaze."

Karani alikubali. Isidhaniwe vinginevyo. Alikubali, akaosha vyombo, akapiga pasi sare yake.

*

Alhamisi saa moja asubuhi benchi lilikuwa limejaa. Wanaume saba, kila mmoja na mfuko wake wa nailoni wenye shuka na sabuni, kila mmoja amekaa upande upande. Ukiwaona kwa mbali ungedhani wanaegemea upepo. Sista alipita akigawa fomu za kukubali kupasuliwa. Mwashi alipewa ya kwake, ya kushonwa, rangi tofauti, na akaikunja haraka isionekane.

"Nyie mnajua kwa nini tunapangwa benchi moja?" alisema dereva wa lori. "Ni ili ukitaka kukimbia, uone aibu."

Walicheka kidogo kidogo, kila mtu ameshika mahali pake.

Karani alikuwa amemleta mumewe na alitakiwa kuwa ameshaondoka. Alikuwa amevaa sare. Dereva alimwona, akamnyooshea fomu.

"Dada, samahani. Miwani nimeiacha kwenye lori. Nisomee hapa niweke sahihi."

Ni jambo dogo, mtu kuombwa asome. Karani aliichukua ile karatasi. "Mimi niliyetia sahihi hapa chini," alisoma, na wengine wakainama kusikiliza, kwa sababu nao walikuwa na fomu na si wote waliokuwa wamezisoma, "nimeelezwa na daktari na nimeelewa kwamba mafanikio ya njia hii ni asilimia..."

Kidole chake kilisimama kwenye namba.

"Asilimia ngapi?" aliuliza dereva. "Imefutika?"

Karani alimtazama mumewe. Mwashi alitikisa kichwa kidogo, hapana, kidogo sana, kama mtu anayefukuza nzi bila kutumia mkono. Alikuwa anamsihi. Mke wa mtu anajua uso wa mumewe unapomsihi.

"Hapa wameandika tisini na sita," alisema karani. "Namba hii nilihesabu mimi. Si kweli."

Hakupaza sauti. Hakuwa amewahi kuhutubia watu zaidi ya wawili. Aliwaeleza kama anavyoeleza mtu anayeuliza faili lake limekwenda wapi: walipasuliwa mia moja na kumi na wanane, wakahesabiwa sabini na saba, waliobaki wakatiwa kwenye sanduku. Akawaeleza habari za aliyekuwa juu ya paa na za aliyerudishwa getini. Akawaeleza na habari za yule aliyezikwa. Sista alikuwa amesimama na rundo la fomu, na hakumkataza.

"Kwa hiyo niandike ngapi?" aliuliza dereva.

"Kati ya sabini na nane na themanini na nane. Hapo katikati kuna watu kumi na wawili sikuwapata."

"Na ya kushonwa?"

"Tisini hivi. Nayo ina shimo lake, la watu wawili. Ila utalala siku tatu, na wiki sita hubebi kitu."

"Wiki sita!" alisema mmoja pembeni. Mwingine alishainuka, ameshika mfuko wake, anamtafuta aliyemsindikiza. Wa tatu alimfuata, kisha wa nne. Kijana mmoja alibaki ameikodolea macho fomu yake, anauliza watu wasiomjibu, "Sasa mimi nifanyeje?"

Mlango ukafunguka. Mkasi alitoka na kofia yake ya kijani, akatazama benchi, akatazama sare ya karani. Hakuna aliyehitaji kumweleza.

"Mumeo alikuwa wa kwanza," alisema.

"Najua, daktari."

"Leo nilikuwa nimemtengea kitanda."

Sasa benchi zima lilimgeukia mwashi, na ile fomu ya rangi tofauti iliyokuwa mkononi mwake. Aibu ilimpanda shingoni, watu wakaiona inavyopanda. Dereva wa lori aliitazama fomu ile, akamtazama mwenye nayo.

"Kumbe wewe ulikuwa unajua," alisema.

Mwashi alisimama, akamrudishia Sista fomu yake. "Kitanda mpeni mwingine," alisema. "Mimi nitapanga mstari kama watu."

Dereva wa lori alimtazama kitambo kingine, kisha akamgeukia Sista. "Niazime kalamu." Akamwomba karani amwonyeshe kwa kidole mahali ilipo ile namba, akaikata mstari, na kwa herufi kubwa za mtu anayeandika bila miwani akaweka juu yake 78 mpaka 88. Chini akatia sahihi yake. "Mimi lori haliwezi kunisubiri wiki sita," alisema. "Nipasue leo, daktari. Ila kwa hesabu hii. Na nikija na homa Ijumaa, yule wa getini awe na habari."

Chini ya sahihi ya mgonjwa kuna mstari wa daktari, aliyeeleza. Mkasi aliishika ile karatasi. Aliisoma yote, tangu juu, kama haikuandikwa na ofisi yake. Akaiegemeza ukutani, akatia sahihi yake.

"Sista, mwandae," alisema. Na kwa karani, akiwa ameshageuka: "Kesho usije kazini. Utaitwa kwa barua."

*

Walitoka nje wote wawili jua likiwa limeshapanda. Tarehe mpya hawakupewa. Sista aliahidi kuulizia, na ahadi ya Sista ilikuwa ndiyo kitu pekee walichotoka nacho. Mwashi alitembea hatua fupi fupi. Hakumsemesha mkewe kutoka mlangoni mpaka getini, na karani hakumlazimisha. Alikuwa anapiga hesabu nyingine kichwani, ya mshahara ambao hautakuwepo mwisho wa mwezi, na hii haikuwa na asilimia wala shimo. Ilikuwa sifuri.

Nje ya geti mwashi alisimama, akaegemea ukuta uliojengwa na watu wengine, akatoa simu.

"Bosi," alisema. "Ni mimi. Ita mwingine."

Sauti ya mnyapara ilisikika mpaka kwa karani. "Vipi, umepasuliwa vibaya?"

"Sijapasuliwa."

"Sasa si uliniambia Alhamisi? Wiki mbili, tisini na sita kwa mia, umenijazia masikio siku nzima!"

Mwashi alikaa na simu sikioni. Watu walipita na mifuko yao kuingia ndani, mlinzi akiwauliza siku zao za kliniki.

"Nimeoa mtu anayejua kuhesabu," alisema, akakata.

Karani hakujua kama ni sifa au ni tusi, na hakuuliza. Alimpokea mfuko wa shuka na sabuni, wakaanza kutembea.